Mili si milioni: kwa nini Ohio humwuliza mpiga kura bei ya shule

Wiki mbili kabla ya uchaguzi, mama mmoja jirani yangu alinigongea mlango jioni. Ni Mkongo, mtu wa Bukavu, ameishi hapa Ohio miaka mingi na sasa ni raia wa Marekani. Kiswahili chake na changu vinapishana kidogo lakini hatujawahi kukosa kuelewana. Mkononi alikuwa na karatasi ya kura aliyoletewa kwa posta.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mtu wa magazeti. Nisomee hapa. Hawa watu wa shule wanataka milioni ngapi kwangu?"

Nikaisoma. Nikamwambia, "Mama, hapa hawajaandika milioni. Wameandika mili."

"Mili ni nini?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoumbuka. Nimeandika habari za chaguzi za hapa, nimeandika "tozo ya shule imepita" na "tozo ya shule imekataliwa" bila wasiwasi wowote, kama mtu anayejua anachokisema. Lakini nilipotakiwa kumweleza mama mtu mzima, kwa Kiswahili, mezani kwangu, nilianza kumung'unya maneno. Nilimkaribisha chai ili nipate muda wa kufikiri.

Kwake yeye swali hilo halikuwa la mtihani. Mwaka uliotangulia wilaya ya shule ya mji wetu iliomba tozo, wapiga kura wakaikataa, na wilaya ikaondoa mabasi ya wanafunzi wa sekondari. Sheria ya Ohio hailazimishi wilaya kuwasafirisha wanafunzi wake wa madarasa ya tisa hadi kumi na mbili, kwa hiyo bajeti ikibana hayo ndiyo ya kwanza kukatwa. Tangu hapo mwanawe wa kiume alikuwa akitembea kwenda shule alfajiri, na wanaojua baridi ya Ohio ya Januari wanaelewa ninachosema.

Alipokunywa chai akauliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza: "Halafu kwa nini wananiuliza mimi? Mimi sina nyumba, nimepanga tu. Kwa nini serikali haijui yenyewe bei ya shule?"

Siku chache zilizofuata nilirudi kwenye vitabu na hukumu za mahakama. Nayaandika hapa niliyoyakuta, kwa sababu najua vijana wenzangu wengi tunaizungumzia Marekani kama nchi tajiri ambayo shule zake zinajiendesha tu. Haziendeshwi hivyo.

Tuanze na mili, tulimalize. Mili inatokana na neno la Kilatini la elfu, lile lile lililotupa milimita, sehemu moja ya elfu ya mita. Mili moja ni dola moja kwa kila dola elfu za thamani ya mali. Lakini Ohio haitozi thamani yote ya nyumba. Inatoza asilimia 35 tu. Nyumba ya dola 100,000 kwa hesabu ya kodi ni dola 35,000, na mili moja juu yake ni dola 35 kwa mwaka. Tozo ya mili tano ni dola 175. Basi. Hakuna milioni hapo. Karatasi za kura za miaka hii zinasaidia kidogo, kwa sababu zinataja pia ni dola ngapi kwa kila dola laki moja za thamani ya nyumba.

Sasa historia.

Mwaka 1785, Marekani ikiwa bado nchi changa yenye madeni ya vita na haina fedha, bunge lake lilipitisha sheria ya kupima ardhi ya kaskazini-magharibi kabla ya kuiuza. Ardhi ilikatwa vipande vya mraba, kila mtaa wa maili sita kwa sita, yaani maili za mraba 36. Kipande cha 16 katika kila mtaa kilitengwa kwa ajili ya shule. Miaka miwili baadaye, mwaka 1787, sheria nyingine ikasisitiza kwamba shule lazima zihimizwe daima katika eneo hilo. Tusisahau kwamba ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, Washawnee, Wamiami, Wadelaware na wengine, ambao walinyang'anywa kwa vita na mikataba. Ohio ilipokuwa jimbo mwaka 1803, ilizaliwa ikiwa na mtaji wa elimu mkononi.

Mtaji huo uliliwa. Mashamba ya shule yalipangishwa kwa bei ya kutupa, yakasimamiwa ovyo, na mwisho mengi yakauzwa. Sisi tuliokulia kwenye nchi za viwanja vya shule vinavyomegwa usiku usiku hatuhitaji maelezo zaidi.

Ardhi iliposhindwa, wakaja kwenye kodi. Mwaka 1825 bunge la Ohio, likisukumwa na watu kama seneta Nathan Guilford wa Cincinnati, lilipitisha sheria ya kuzitaka kaunti zitoze nusu mili juu ya mali kwa ajili ya shule. Nusu mili! Ni senti tano kwa kila dola mia. Ndogo, lakini wazo lilikuwa kubwa: kwamba mwenye shamba asiye na mtoto atalipia shule ya mtoto wa jirani. Hapo ndipo mti ulipopandwa ambao matawi yake yalimgonga mama yangu wa Bukavu.

Lakini "mtoto wa jirani" hakuwa kila mtoto. Mwaka 1829 sheria iliwatoa watoto weusi kwenye shule hizo za umma. Mwaka 1849 ikaruhusu wawe na shule zao tofauti, na ni mwaka 1887 tu ndipo sheria ya kutenganisha ilipofutwa katika Ohio. Kwa hiyo swali la "nani analipa" tangu mwanzo lilitembea mkono kwa mkono na swali la "kwa ajili ya nani".

Mwaka 1851 Ohio iliandika katiba mpya. Humo ikaweka sentensi ambayo ingekuja kuleta kesi kubwa karne moja na nusu baadaye: kwamba ni kazi ya bunge kuhakikisha jimbo zima lina mfumo kamili na wenye ufanisi wa shule za umma. Yashike maneno hayo, tutayarudia.

Je, kura ilianzaje? Kura ilizaliwa kwenye njaa. Mwaka 1929 wananchi walirekebisha katiba ili kodi ya mali isizidi mili 15 bila wao wenyewe kukubali. Kisha ukaja mdororo mkuu wa uchumi. Watu walipoteza kazi, wakulima walinyang'anywa mashamba kwa kushindwa kulipa kodi. Mwaka 1933 wakapiga kura tena na kushusha kikomo hadi mili 10. Kuanzia mwaka 1934, mili kumi za kwanza zinagawanwa na kaunti, mji na shule bila kuuliza mtu. Chochote kinachozidi hapo, lazima mpiga kura aulizwe.

Hilo ndilo jibu la swali la pili la mama. Wananiuliza mimi kwa nini? Kwa sababu watu wa mwaka 1933 walikuwa wamechoka kutozwa bila kuulizwa, wakaiandika hasira yao kwenye katiba. Haikuwa hila ya mtu. Ilikuwa ni kinga ya maskini mwenye kiwanja dhidi ya serikali. Na kwa kuwa haki ya kupiga kura haiendi na hati ya nyumba, mpangaji naye anaulizwa. Bili ya kodi inakwenda kwa mwenye nyumba, lakini sote tunajua mwenye nyumba akipandishiwa gharama huzitafutia wapi. Mpangaji hana bili lakini hana pia kinga.

Ubaya wa kinga hiyo ukaonekana baadaye. Mili kumi hazikutosha kuendesha shule za kisasa, kwa hiyo kila wilaya ikawa inarudi kwa wapiga kura, na wapiga kura wana siku zao za hasira. Mwaka 1968 mji wa Youngstown, mji wa viwanda vya chuma, ulifunga shule zake zote kabla ya Krismasi kwa sababu wananchi walikuwa wamekataa tozo mara kadhaa na fedha zikaisha. Hapakuwa na mafuriko wala vita. Walimu walikuwepo, watoto walikuwepo, majengo yalikuwepo. Kilichokosekana ni kura.

Halafu ikaja sheria ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha mkanganyiko wote. Katika miaka ya 1970 bei za vitu na za nyumba zilipanda kwa kasi. Nyumba ikipanda thamani, kodi nayo inapanda hata kama mishahara imelala. Wastaafu walilia. Mwaka 1976 bunge la Ohio likapitisha muswada namba 920, na mwaka 1980 wazo lake likaingizwa kwenye katiba.

Muswada huo unafanya hivi. Chukua ile nyumba ya dola 100,000 inayolipa dola 35 kwa tozo ya mili moja. Kaunti ikija kupima upya ikasema sasa ni ya dola 120,000, hesabu ya kodi inakuwa dola 42,000. Bila sheria ile ungelipa dola 42. Lakini kama nyumba zote za wilaya zimepanda kiasi hicho hicho, sheria inaipunguza mili ile moja hadi kama 0.83, ili ulipe dola 35 zile zile. Mwaka huu dola 35, baada ya miaka kumi dola 35, baada ya ishirini dola 35. Zipo tofauti: zile mili kumi zisizopigiwa kura kwa miaka mingi hazikupunguzwa, na ipo sakafu ya mili 20 ambayo wilaya za kawaida haziteremshwi chini yake. Lakini kwa tozo nyingi zilizopigiwa kura, kiasi kinaganda.

Umeona tatizo? Mshahara wa mwalimu haugandi. Bei ya dizeli ya basi haigandi. Bima ya afya ndiyo kabisa. Kwa hiyo baada ya miaka michache wilaya lazima irudi kuomba tena, si kwa kuwa imekuwa na tamaa bali kwa kuwa dola 35 za juzi hazinunui zilichonunua. Na mpiga kura anasema, "Si tuliwapa juzi? Tena nyumba yangu imepanda bei, kodi yao imepanda, wanataka nini tena?" Wote wawili wanasema wanachokiamini. Mmoja anaangalia bili, mwingine anaangalia bajeti, na sheria iliyo katikati yao hakuna anayeielewa. Mimi mwenyewe niliyekuwa naandika habari zake sikuielewa.

Ndiyo maana pia kuna tozo za namna mbili ambazo mtu lazima azitofautishe kabla ya kuweka alama. Ipo tozo mpya, ambayo inaongeza bili. Ipo tozo ya kuhuisha, ambayo ni ile ile ya zamani inayofikia mwisho wa muda wake na inaomba kuendelea. Ukiikataa ya pili, hujazuia ongezeko. Umeondoa kitu ambacho shule ilikuwa inakila tayari. Wabunge wamekuwa wakibadilisha aina nyingine za tozo mara kwa mara, lakini hizo mbili ukizijua hupotei.

Kuna jambo lingine ambalo mili haisemi kwenye karatasi ya kura. Mili moja si kitu kimoja kila mahali. Wilaya yenye viwanda na majumba makubwa, tuseme mali yake kwa hesabu ya kodi ni dola bilioni moja, inapata dola milioni moja kwa mili moja. Wilaya ya vijijini yenye mali ya dola milioni 100 inapata dola laki moja tu kwa mili hiyo hiyo. Maskini akijitoza sawa na tajiri, mtoto wake bado anapata kidogo.

Hilo ndilo lililofikishwa mahakamani. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Texas, ilikuwa imekataa kwa kura tano kwa nne kuifanya elimu iwe haki ya msingi chini ya katiba ya taifa. Mlango huo ulipofungwa, watu wakageukia katiba za majimbo. Desemba 1991 kesi ikafunguliwa katika kaunti ya Perry, kaunti ya machimbo ya makaa kusini-mashariki mwa Ohio. Jina lililotangulia kwenye kesi ni la mwanafunzi wa sekondari, Nathan DeRolph, ambaye darasa lake lilikuwa na upungufu wa madawati kiasi kwamba alifanya mtihani akiwa amekaa sakafuni.

Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda. Marekani. Mtihani. Sakafuni. Mimi nilidhani hiyo ni picha yetu.

Ushahidi wa kesi hiyo ulieleza shule iliyopashwa joto kwa makaa, vumbi lake likitua kwenye madawati na kuingia vifuani mwa watoto. Bendi ya shule ilifanyia mazoezi kwenye chumba kilichokuwa ghala la makaa. Tarehe 24 Machi 1997 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua, kwa kura nne kwa tatu, kwamba mfumo wa kufadhili shule unavunja katiba ya jimbo. Ililaumu hasa kuitegemea mno kodi ya mali. Yale maneno ya mwaka 1851 niliyokuomba uyashike ndiyo yaliyotumika.

Usifikiri mambo yaliisha. Mahakama ilirudia kusema mfumo haufai mwaka 2000, na tena Desemba 2002. Katikati, mwaka 2001, ilikaribia kukubaliana na bunge kwa masharti, kisha ikajirudi. Mwaka 2003 ikajiondoa kwenye kesi bila kumlazimisha mtu yeyote. Kwa maneno mengine, jimbo lilishindwa kesi na hakuna aliyekuja kuchukua mali. Lakini si kweli kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya hukumu ya 1997 jimbo liliunda tume ya majengo ya shule na kumwaga mabilioni ya dola katika kujenga upya, na mwaka 2021 bunge likapitisha kanuni mpya ya kugawa fedha, inayoanza kwa kuhesabu gharama halisi ya kumsomesha mtoto mmoja, itekelezwe kidogo kidogo kwa miaka sita. Kura za tozo hazikufutwa. Na mwaka 2025 likashika kasi vuguvugu la kukusanya saini za kutaka katiba ifute kodi ya mali kabisa. Hasira ya 1933 haijazeeka.

Najua baadhi yenu mnasema, hayo ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Tanzania tuliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2001, kodi ya maendeleo ikafutwa 2003, na kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Kenya iliondoa ada ya msingi 2003, Kongo ikatangaza msingi bure 2019. Yote mema. Lakini katika nchi zote hizo nilizotaja, mzazi anajua neno "mchango" lilivyo: wa mlinzi, wa dawati, wa mtihani wa majaribio. Mchango huo haupigiwi kura. Unakuja kwenye kipande cha karatasi ndani ya daftari la mtoto, na anayeulipa ni yule tu mwenye mtoto, mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo zaidi. Ohio angalau gharama iko hadharani, inalipwa na wenye watoto na wasio nao, na anayeikataa anaikataa kwa jina la sheria. Sisemi wao wana heri. Mtoto anayetembea kwenye theluji kwa kuwa jirani yake alikuwa na hasira hana heri. Nasema shule haiwi bure popote. Kinachobadilika ni nani anaulizwa na nani anafichwa.

Jumamosi nilimpelekea mama majibu yangu, nikiwa nimeyaandika kwenye karatasi moja. Tozo ya mara hii ilikuwa mpya, si ya kuhuisha. Nikamwonesha hesabu ya dola 35. Nikamweleza wa 1933 na wa 1976. Nikamwambia pia, kwa haki, kwamba mzee wa nyumba ya kona, mjane anayeishi kwa pensheni, ana sababu zake za kusema hapana, na si mtu mbaya.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Kule Bukavu nililipa minervali, na juu yake pesa ya kumlipa mwalimu. Nisipolipa, mtoto anarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Hakuna mtu aliniuliza kama nataka." Akaikunja karatasi ya kura. "Huyu mzee wa kona, yeye kuna mtu amemweleza hii hesabu?"

Nikamwambia sidhani.

"Basi twende."

Tukavaa makoti tukaenda. Mzee alitufungulia, akashangaa kidogo, akatukaribisha. Nilitafsiri, mama akaeleza mwenyewe habari za mwanawe na barabara ya alfajiri, na mzee akaeleza za pensheni yake na bili zake, akatuletea na bili yenyewe tuione. Tulikaa karibu saa nzima. Hakuahidi kitu, nasi hatukumwomba ahadi. Mama naye hakuniambia aliweka alama wapi, na sikuuliza, maana kura ni siri.

Lakini mimi nimejifunza langu. Nikiandika tena "tozo imepita" au "tozo imekataliwa", nitaandika kwanza mili ni nini.